Chai ya tangawizi

Langoni, Amu

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Hadithi yako nimeisoma, na acha niseme wazi.

Pale jikoni umenimaliza. Salama anamtilia mumewe chai:

“Nimekutilia tangawizi nyingi.”
“Mimi tangawizi siitaki, wajua.”
“Ee. Wewe huitaki.”

Basi! Bwana wa kwanza, yule wa Siyu, hajatajwa, lakini ameshaketi jamvini na kikombe chake. Na huyu wa pili tumemjua pia. Hakuuliza ni nani aitakaye. Amepuliza chai akanywa.

Sasa mbona baadaye waniharibia? Eti Salama anamwambia jirani, “Kama ujuavyo, niliolewa Siyu nikaachwa.” Jirani wa Langoni huyo, ukuta kwa ukuta! Habari za talaka alizipata kabla ya kadhi. Mpe wifi mtu, shoga. Hana haja ya kusimulia, atauliza tu mbele ya wageni, “Kwani Siyu mlikuwa mkipikaje samaki?” Salama akijibu mbiombio habari za samaki, tumemwelewa. Akiendelea kukuna nazi kimya, ndiyo zaidi.

Kuna hadithi ya Mwairelandi James Joyce, “The Dead”, ya mwaka 1914. Mke anamkumbuka kijana aliyempenda usichanani, na wivu unampanda mumewe. Mke anasema kijana alikufa akiwa na miaka 17. Mume, bado na kejeli zake, anauliza alikuwa akifanya kazi gani. Mke anajibu tu: kiwanda cha gesi. Kejeli haikumfikia kabisa. Mume ndiye aliyebaki uchi pale, si mke.

Halafu lile “mpenzi” kila ukurasa, lifute. Tangu lini mwanamume wa makamo wa Amu akamwita mkewe hivyo mbele ya mamake? Amwite Mama Athmani. Athmani si mtoto wa Siyu? Basi kila amwitapo anamtaja yule bwana, na hana njia nyingine ya kumwita.

Ule waraka wa talaka uache sandukuni, asiuone mtu.

Mdogo wangu anakuja Malindi Ijumaa, mpe karatasi zilizosahihishwa. Na mama msalimie sana.

Shogako,
Zuhura