Maduka ya hisani yasamehewe ada ya leseni

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu nguo zinazochangwa makanisani na misikitini kwa ajili ya wahitaji. Nia ni njema, lakini ugawaji wenyewe hudhalilisha: mama anayetafuta sare ya mtoto hukabidhiwa koti zito, tena mbele ya kamera.

Duka la hisani humhifadhia mtu heshima yake. Shirika la misaada la Oxfam lina duka Broad Street, mjini Oxford, tangu miaka ya 1940. Watu huleta vitu wasivyovihitaji, wahudumu wengi hujitolea, na faida hugharimia kazi za shirika. Mnunuzi hujichagulia, hulipa kidogo, na hakuna ajuaye kama ni fukara au anapenda tu bei nafuu. Uingereza huyapunguzia maduka ya aina hiyo asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara.

Kaunti zetu zianze na ada ya leseni: ziisamehe kwa kikundi kilichosajiliwa kinachobandika mlangoni, kila mwezi, mapato na matumizi yake. Wauza mitumba wa Gikomba wasihofu. Vitu viwe vya kuchangwa mtaani tu, si marobota ya kuagizwa ng'ambo.

Msomaji,
Nairobi