Transfoma haizalishi umeme, na ya kwetu haikufa ghafla

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, ila ile habari ya transfoma iliyolipuka nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu kaandika eti transfoma "iliyokuwa inazalisha umeme wa mtaa" imepata hitilafu ya ghafla. Hapo hakuna la kweli. Transfoma haizalishi umeme hata wa kuwasha taa moja, na ile ya kwetu iliugua siku nyingi huku tunaiona.

Kazi yangu ni kuwaindi mota, yaani kuzungushia mota koili mpya za waya zile za zamani zikiungua, huu mwaka wa 22, koili nazijua kwa vidole. Transfoma ni koili mbili zimezungushiwa kiini cha chuma na hazigusani. Umeme unaoingia koili ya kwanza unageuka mwelekeo kila mara, ukigeuka unabadilisha usumaku ndani ya kile chuma, na huo usumaku ndo unaoamsha umeme kwenye koili ya pili. Mwanasayansi Faraday alishalionyesha hili mwaka 1831 kwa koili mbili na pete ya chuma. Ukipiga mizunguko mingi upande wa pili volti zinapanda, ukipiga michache zinashuka. Kinachotoka hakizidi kilichoingia, tena kidogo kinapotea kwa joto.

Sasa mtu atauliza kupandisha na kushusha kuna faida gani, na hapo ndo mwandishi wenu alitakiwa aelekeze wasomaji. Umeme ukitoka kwenye majenereta makubwa unakuwa kama volti elfu 11 mpaka 25, ukiusafirisha hivyohivyo mamia ya kilomita ampia (wingi wa umeme unaopita kwenye waya) zinakuwa nyingi na umeme unaishia njiani kuchemsha waya. Pandisha volti mara 10, ampia zinashuka mara 10, na upotevu kwenye waya uleule unashuka mara 100. Ndo maana zile laini za minara mirefu zina msongo, yaani volti, wa kilovolti 132, 220, hata 400 (kilovolti moja ni volti elfu). Zikifika kwenye kituo cha kupoza msongo unashushwa (kupoza ni kushusha msongo jamani, siyo kutia ubaridi) mpaka kilovolti 33 au 11, halafu transfoma ya mtaani inamalizia kushusha hadi volti zinazoingia kwenye soketi yako. Hiyo ya mwisho ndo inayopuuzwa kuliko zote.

Ya kwetu ina kachupa ka kioo pembeni, ndani kuna chembechembe za silika, kazi yake kunyonya unyevu kwenye hewa ambayo transfoma inavuta mafuta yakipoa. Chembe zikiwa kavu ni za bluu, zikilowa zinakuwa za pinki. Zetu zilikuwa pinki kabisa, mtu anaona akiwa chini barabarani, na chini ya tangi kuna doa la mafuta linashuka na nguzo, kila asubuhi limeongezeka. Mafuta yale ndo yanayohami koili na ndo yanayobeba joto, yakipungua au yakiingia maji hakuna kinachobaki. Nikapiga simu ya dharura, nikapewa namba ya taarifa, nikaambiwa mafundi wanakuja. Siku ya tatu nikapiga, wanakuja. Siku ya sita mlio ukabadilika, ule muungurumo tuliouzoea ukawa mzito kama kitu kinakwaruzwa, nikapiga tena, wanakuja. Siku ya tisa saa moja jioni, kila mtu karudi nyumbani kawasha kila kitu, ikapiga mshindo mmoja tukasikia harufu ya mafuta kuungua na mtaa wote giza, na mama yangu mzazi anapumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme, nikambeba mgongoni usiku mimi na mdogo wangu kashika mashine mpaka kwa jirani mwenye jenereta, mama anahema mgongoni namsikia sikioni, tukakaa huko siku nne. Halafu nafungua gazeti nasoma "ghafla". Namba ya taarifa bado ninayo kwenye simu, Mhariri, na tarehe zote za kupiga.

Na hawa vishoka nao, mafundi wa umeme wa mitaani wasio na kibali. Wanaunganishia watu kwenye waya ulio karibu bila kupima chochote, Transfoma ya mtaa inatoa umeme kwa waya tatu, kila mmoja tunauita fezi, na nyumba zinatakiwa zigawanywe sawa, ila kwetu nyumba karibu zote zimeninginizwa fezi moja, fezi mbili zimekaa zinapunga upepo. Fezi moja inabeba mzigo wa mtaa mzima, koili ya upande huo inachemka, karatasi inayohami waya inakauka na kukatika, na huku majumbani umeme ni mdogo mpaka mafriji yanashindwa kuwaka. Mota ngapi nimeletewa zimeungua kwa umeme mdogo! Kila mteja anadhani mota yake ilikuwa feki.

Ninachotaka ni hiki. Kila nguzo ya transfoma ipigwe rangi nyeupe usawa wa macho, herufi ukubwa wa kiganja, iandikwe kVA ngapi (ndo uwezo wake wa kubeba mzigo), nyumba ngapi zimeunganishwa, tarehe mafuta yalipopimwa na tarehe silika ilipobadilishwa, na fundi aliyepanda aweke sahihi. Mara moja kwa mwaka, jioni saa watu wamewasha kila kitu, upimwe mzigo wa kila fezi na namba tatu ziandikwe palepale. Rangi kopo moja inatosha nguzo nyingi tu. Na wewe Mhariri, mtume mwandishi wako aje aangalie transfoma mpya waliyotufungia, nitamwonyesha mwenyewe hako kachupa, sasa hivi ni bluu, na mafundi wameondoka bila kuandika hata tarehe.

Fundi mota, msomaji wenu