Mbwa wangu anaogopa hata kuku, nimpe nani?

Mama mshauri, jambo sana.

Najua wengine watacheka. Hapa Goma mbwa ni wa kulinda parseli, yaani kiwanja cha nyumba, asiyelinda anakula bure, na wangu halindi kitu. Anaitwa Simba. Juzi kuku wa jirani alimfukuza kwenye sahani yake mwenyewe, akaenda kujibanza nyuma ya tanki la maji mpaka jioni.

Jina hilo sikumpa mimi. Alikuwa wa familia tuliyopakana nayo ukuta, huku Katindo. Vita vilipoingia mjini Januari 2025, walikimbia na watoto na mabegi mawili, mbwa akabaki na mnyororo wake. Risasi zilipotulia nilimwomba sentineli, mlinzi wetu, anisaidie kupanda ukuta. Nikamkuta amejikunja kwenye kona ya mawe ya volkano, mnyororo umemzunguka mguu mara mbili. Hakubweka. Aliponiona alikojoa pale pale. Wenyewe walikwenda Bukavu, na Februari wakaendelea hadi Bujumbura. Kwa simu waliniambia: "Mama, baki naye, ama umpatie mtu."

Wiki tatu alikula usiku tu. Nikajifunza pole pole kutomtazama machoni, kutomwinamia, kutomvuta anapojificha. Jioni nilikaa kwenye kigoda nikimpa mgongo, nachambua majani ya sombe, huku nikiangusha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, moja moja nyuma yangu. Zilitoweka bila sauti. Siku moja nikasikia pua baridi kwenye kiganja. Alichukua samaki kwa midomo, meno hayakunigusa kabisa. Nilikaa na mkono nyuma hivyo hivyo mpaka ukafa ganzi.

Sasa tatizo. Mradi niliokuwa nafanyia kazi ulifungwa, kodi ya hapa siiwezi tena, na mwisho wa mwezi nahamia vyumba viwili Katoyi. Ni parseli ya familia nne, watoto zaidi ya kumi, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinapita mlangoni tangu alfajiri. Chukudu likigonga mawe, Simba hutetemeka mwili mzima. Kule hataishi.

Watu wawili wanamtaka. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Birere mwenye depo. Aliona ukubwa wa kichwa chake, akanipa bei ya dola 50 papo hapo. Anasema, "Mchana tunamfunga, usiku atakuwa mkali mwenyewe." Ni kweli atakuwa mkali, maana mbwa mwoga asipokuwa na pa kukimbilia huuma. Lakini mimi ndiye niliyemfungua ule mnyororo, na dola 50 nazihitaji kweli, sitadanganya.

Wa pili ni mama mjane wa Himbi, mwalimu aliyestaafu. Nyumba yake kimya, ukuta mrefu. Amekuja mara mbili, akakaa kwenye kigoda changu bila kusema neno, akaangusha vipande vya bugali. Mara ya pili Simba alitoka nyuma ya tanki hadi mabegani. Ila wajukuu wake watatu huja kila Jumapili, na mdogo ana miaka minne.

Hapo ndipo nakwama. Mwezi wa nane kijana anayetuletea maji aliingia ghafla na madumu, akanyoosha mkono amshike Simba kichwani. Simba alikuwa kwenye kona, akamng'ata. Tuliosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, tukampeleka kituo cha afya siku ile ile. Simba alikuwa ameshachanjwa kichaa cha mbwa, kadi ninayo, na siku 10 nilizomchunga hakuonyesha ugonjwa wowote. Lakini mama wa Himbi hajui habari hii. Kila nikitaka kumwambia, najikuta naeleza Simba anapenda kula nini.

Dada yangu anasema ninyamaze, mbwa si bibi arusi wa kutangaziwa kasoro. Mimi nafikiria mtoto wa miaka minne akimkimbilia kwa furaha. Nikisema, mama anaweza kukataa, na atabaki mtu wa depo. Nisemeje ili aelewe huyu si mbwa mbaya, na wakati huo huo asilichukulie jambo kirahisi?

La pili ni namna ya kumhamisha. Kijana wangu anataka tumpeleke usiku kwa taksi, tumwache, tuondoke haraka. Mimi naona aende na kitenge chake anacholalia, nami nishinde kule siku mbili tatu, afungiwe chumba kimoja kwanza. Akitoroka atatafuta kurudi Katindo kwa barabara kubwa ya Sake, na akiwa na hofu haitiki hata mimi nikimwita. Je, kuwapo kwangu kutamsaidia, au kutamchelewesha kumzoea mama?

Mama huyo ametualika Jumapili ijayo, wajukuu watakuwapo. Ukiweza, nijibu kabla ya siku hiyo.

Ni mimi Mama Simba (ndivyo watoto wa avenyi wanavyoniita sasa),
Goma