Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: PF3 zishuke kwenye kata

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kazi iendelee, hasa hii iliyosimama.

Wiki iliyopita kwenye mkutano wa hadhara ulituita sisi wasaidizi wa kisheria wa vijiji wavunja ndoa na mawakili wa kidato cha nne. Wananchi wakacheka, nasi tukanyamaza kwa heshima ya cheo chako. Sasa tunajibu.

Kasoro tunazo, Mheshimiwa. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaorusha picha ya mwathirika WhatsApp kabla hawajamfikisha zahanati. Wapo wanaomkaririsha shahidi maneno, na akifika kizimbani wakili wa utetezi anamfumua kwa swali moja. Posho za semina nazo zinatugombanisha, usiulize. Tukemee kwa hayo, ni haki yako. Lakini kesi ya binti iliyofutwa siku chache kabla ya mkutano wako haikuuawa na kelele zetu. Iliuawa na karatasi: PF3, fomu ya polisi ambayo tabibu anajaza alichokiona kwa mwathirika.

Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na saa 120 za kuzuia mimba. Kadiri anavyochelewa ndivyo dawa zinavyopungua nguvu. Zahanati ya kijiji anaifikia kwa miguu, lakini akifika swali la kwanza ni: PF3 iko wapi? PF3 inatoka polisi, na polisi ni mwendo wa bodaboda kutwa nzima, kama mvua haijakata barabara. Mgonjwa wa dharura anatakiwa ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Tabibu analijua hilo. Tunadhani anachoogopa ni kuitwa ushahidi mara tano kwa nauli yake mwenyewe, na hapo hatumlaumu sana.

Wakati nauli inachangishwa, binti anaoga. Nani angekaa hivyo siku mbili? Mama anafua nguo, au anazitia mbichi kwenye mfuko wa plastiki, zinaota ukungu, kielelezo kimekwisha. Nguo hazifuliwi: zinaanikwa kivulini, kila moja inafungwa peke yake kwenye bahasha ya kaki, jina na tarehe juu. Hili tunalifundisha kila kitongoji. Bahasha tunanunua wenyewe.

PF3 ikipatikana nayo ina mitego yake. Tabibu anaandika "amebakwa" na kusaini. Hilo ni la hakimu kuamua. Yeye aandike alichokiona: mchubuko uko wapi, una ukubwa gani, unaonekana wa lini, vipimo gani vimechukuliwa, saa na tarehe ya uchunguzi. Mahakamani fomu ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti, na mshtakiwa aelezwe kuwa ana haki ya kutaka tabibu aitwe ahojiwe. Likirukwa moja, rufaani PF3 inafutwa kwenye kumbukumbu. Kifungo cha ubakaji hakipungui miaka 30, kwa hiyo usitegemee mtu ataacha kukata rufaa. Na binti akiwa chini ya miaka 18, umri wake uthibitishwe: cheti cha kuzaliwa, au mzazi atamke mahakamani.

Huku nyuma wazee wameshakaa kwa mtendaji, kesi "imeisha kifamilia", ng'ombe wamehesabiwa. Siku ya kutoa ushahidi shahidi amehamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine. Halafu wavunja ndoa ni sisi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatuzuia kumtoza tunayemsaidia, na tunakubali. Nauli ya binti, ya mama yake na yetu inatoka mfuko uleule unaolisha watoto wetu. Tumetukanwa kilabuni, wengine wameachwa na waume zao kwa kazi hii. Tarehe 8 Machi uliahidi pikipiki kwa Dawati la Jinsia na Watoto. Pikipiki tumeiona, Mheshimiwa, inang'aa kweli. Ilikuwa inaongoza msafara wako.

Baki nayo. Tunaomba kitu chepesi zaidi. Kata ina Polisi Kata, na kazi yake si kusindikiza michango ya mwenge tu. Apewe kitabu cha PF3, muhuri na daftari la kuzisajili, ili binti atoke kwa askari huyo aingie zahanati siku ileile. Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya. Hilo linamalizika kwenye kikao kimoja. Bajeti yake ni karatasi. Semina msituletee, fulana za kampeni msituletee. PF3 zishuke kwenye kata.

Wasaidizi wa kisheria wa vijiji vyako

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Polisi wa Wilaya (ile ya kwanza tuliambiwa haionekani)