Barua kwa Mwanangu: Usinisubiri Kuhamia Bwenini

Resolute, Nunavut
Mwishoni mwa Agosti

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Shikamoo yako na manung'uniko yako kwamba nachelewa kurudi kukupeleka chuo nimevipata kwa pamoja, maana simu ilikuwa imezimwa tangu kambini. Naona hata bibi yako amepiga kutoka Tanga kuuliza: kwani hakuna usafiri mwingine? Mwambie hakuna. Basi hakuna, treni hakuna, na barabara za kusini mwa Kanada hazifiki huku Nunavut, kaskazini kabisa. Meli huleta mizigo wakati wa kiangazi, barafu ya baharini ikishaachia, lakini haichukui abiria wenye haraka. Ni ndege tu, na ndege imezuiwa na ukungu.

Ukungu wenyewe si kama ule wa Lushoto, unaoamka nao halafu saa nne umeshaondoka. Mwezi huu bahari imefunguka, lakini maji bado yana baridi ya kukaribia sifuri. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa, unyevu unageuka ukungu, na upepo mdogo tu unausukuma hadi nchi kavu. Upepo usipogeuka, ukungu hauendi popote. Kinachoudhi ni kwamba mara nyingine ni tabaka jembamba: ukitazama juu unaona mbingu ya buluu, ukitazama mbele huoni hema la mwenzako.

Kambi yetu ilikuwa pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Devon. Kazi unaijua: tunachomeka ufito wa chuma ardhini mpaka ugote kwenye udongo ulioganda, tunapima kiangazi hiki umeyeyuka hadi kina gani. Hufanywa mwishoni mwa kiangazi kwa sababu ndipo myeyuko unapofika chini kabisa. Ndiyo maana kila mara safari zangu zinagongana na mambo yenu ya shule. Ratiba inapangwa na udongo, si mimi.

Kazi iliisha kwa wakati. Kuondoka ndiko kulikogoma. Kila asubuhi redio ya Resolute inaita kambi moja moja: mawingu yako juu kiasi gani, mnaona umbali gani, upepo unatoka wapi. Mjibuji nilikuwa mimi. Tulikuwa na pipa tupu la mafuta mwisho wa kile kipande cha changarawe ndege inapotua. Nikiliona nasema naliona, nisipoliona nasema silioni. Kijana mmoja wa timu yetu, mwenye mchumba anayemsubiri Montreal, alinikonyeza niseme linaonekana kidogo. Nilimkatalia. Pale rubani wa Twin Otter, ile ndege ndogo inayotuchukua, hana taa wala mitambo ya kumwongoza kutua. Anatua kwa macho, na kabla hajafika anategemea macho ya aliyeshika redio.

Basi asubuhi tunakunja kila kitu isipokuwa hema la kupikia, bunduki ya kujikinga na dubu iko begani, jioni tunakunjua tena. Kila begi limeandikwa kilo zake kwa kalamu nene, kwa sababu mzigo ndege ile inaoweza kubeba unategemea imejaza mafuta kiasi gani. Vitunguu vikaisha, sukari ikaisha, ukabaki uji wa shayiri ambao sasa sitaki hata kuusikia. Siku moja tuliisikia ndege kabisa, injini zote mbili juu ya vichwa vyetu. Ikazunguka, ikazunguka tena, halafu mlio ukafifia kuelekea magharibi. Yule kijana akatukana kwa Kifaransa, akaanza kufungua mizigo.

Ukungu ulipopungua tukachukuliwa, lakini si wa kwanza. Ndege ni chache na kambi ni nyingi. Polar Continental Shelf Program, mpango wa serikali ya Kanada ambao wanahudumia watafiti huku tangu 1958, ndio wanaopanga zamu, na mwenye mgonjwa anamtangulia aliyeishiwa sukari. Ni haki.

Sasa niko Resolute, nimeoga, nimekula wali (haukuiva vizuri, sikulalamika). Ndege ya abiria ya kwenda Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, imeahirishwa tena. Umeandika kwamba marubani hawa ni waoga. Hilo, mama, silikubali. Tarehe 20 Agosti 2011 ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ilikuwa ikija kutua hapahapa, mawingu yakiwa chini, ikagonga kilima karibu na uwanja. Watu 12 kati ya 15 waliokuwemo walikufa. Hiki ni kijiji kidogo, kila mtu anajuana na kila mtu. Sijamsikia yeyote hapa akimharakisha rubani.

Kwa hiyo usinisubiri. Niliahidi kukupeleka Kingston mwenyewe, na nilitaka sana, lakini chuo hakiahirishwi kwa ajili ya ukungu. Hata ukungu ukiondoka leo, kuna waliokwama kabla yangu, na Iqaluit nako kuna hali yake ya hewa. Nimeshamwandikia baba yako mdogo; gari lake lina nafasi kuliko letu. Ondokeni asubuhi na mapema, maana siku ya kuhamia lifti ya bweni huwa na foleni. Beba sufuria ndogo, ile ya pilau iache nyumbani. Koti zito lichukue sasa hivi, usingoje Novemba. Mama yako atasema halii. Mchukulie leso hata hivyo.

Nikitua Ottawa nakuja huko moja kwa moja na begi langu la kambini, ambalo halijafuliwa. Waonye unaoishi nao.

Wako,
Baba