Ile ripoti isiyokwisha

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini ripoti ya kurasa nne inakulia wiki mbili na kazi yenyewe unaijua. Si uvivu. Kisichokwisha hakiwezi kupewa alama, ndiyo maana hukimalizi. Na kupenda kazi nzuri hakumkoseshi mtu usingizi. Kinachokukosesha ni kuifanya kazi kuwa mizani ya utu wako, kosa moja likionekana basi wewe mzima hufai.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett waliugawa ukamilifu huu, yaani kudai kila kitu kisiwe na kosa hata moja, katika aina tatu: unaojidai wewe mwenyewe, unaowadai wenzako, na ule wa kuamini kwamba watu wanakudai wewe. Huu wa tatu ndio mchungu. Watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walilinganisha majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, ya tangu 1989 hadi 2016, wakaukuta umepanda kwa asilimia 33. Ule wa kwanza asilimia 10 tu.

Sasa, ripoti iache kwanza. Anza na barua pepe ya kawaida. Kabla ya kuituma, andika kwenye karatasi unachokiogopa ukiisoma mara moja tu: "Bosi ataona kosa, atanijibu kwa ukali." Pembeni andika una uhakika kiasi gani, tuseme asilimia 80. Isome mara moja, tuma, na usirudi kuichungulia kwenye zilizotumwa. Kifua kitabana, kiache, kitalegea chenyewe. Baada ya siku mbili andika chini yake kilichotokea kweli.

Wengi huliharibu jaribio hili kwa kumpa mtu aipitie kwanza, au kwa kuomba radhi mapema humo humo ndani ya barua. Hapo jibu zuri likija, sifa zote zinakwenda kwa ile tahadhari, na hofu inabaki pale pale. (Wengine huipigia karatasi mistari ya rangi. Nakufahamu, usithubutu.) Rudia mara tano au sita, ndipo uiguse ripoti: dakika 25 za kuandika bila kufuta neno.

Ila ukiona hata chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, usingoje majaribio. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha leo hii.

Nijibu, na usiisome mara mbili kabla ya kutuma.

Wako daima.