Risala ya Kamati ya Wauguza Wagonjwa wa Kiharusi, Likoni, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wazee wa mtaa, akina mama na akina baba, asalamu aleikum.

Kuvuka feri jua hili si jambo dogo, ahsante sana. Kikundi chetu kilianza kwa kusaidiana kugeuza wagonjwa vitandani. Leo tunapima presha misikitini, makanisani na stendi ya matatu, na hakuna mtaa wa Likoni usiotujua.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja: vipima presha 6, kila kimoja na mikanda ya kufungwa mkononi ya saizi 3.

Ndani kabisa ya ubongo damu hupita kwenye ateri, yaani mishipa ya damu itokayo moyoni, nyembamba kuliko milimita moja. Presha ikikaa juu miaka mingi, misuli ya kuta zake hufa, kuta hunenepa na kukakamaa, njia ikaziba. Hakuna ateri ya jirani ya kuziba pengo, basi sehemu ile hufa. Kidonda hakifiki hata milimita 15, lakini kikiangukia njia ya neva za mkono na mguu, upande mzima wa mwili hulala; ndicho kiharusi. Ateri nyingine hupasuka. Ndiyo maana tunakataza aspirini nyumbani kabla ya picha ya CT, ile ya hospitali inayoonyesha ndani ya ubongo: kwa macho huwezi kujua imeziba au imepasuka.

Na presha haiumi. Bila kipimo haijulikani.

Mkanda tulio nao ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 38 presha yake husomeka juu kuliko ilivyo, akaanzishiwa dawa asizohitaji. Mwenye sentimita 19 husomeka chini, akaambiwa yu salama; huyu ndiye anayetunyima usingizi. Tunamkalisha mtu dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono usawa wa moyo, tunapima mara mbili. Yote hayo hayarekebishi mkanda usiomtosha.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Wageni waliotangulia kwenye kiti hicho waliliahidi, tukapiga makofi, picha zikapigwa. Mikanda hatujaiona. Hatulaumu, twajua shughuli za wakubwa ni nyingi. Safari hii twaomba, kwa heshima zote, tarehe na jina la afisa wa kumfuata, vitajwe hapa kabla hujapanda gari. Betri tutanunua wenyewe.

Ni sisi wako watiifu,
Kamati